Waliosubiri Sifuri kwa Miaka 52

Kiti nilicholipia kilikuwa cha chini, nyuma ya mpigaji, na picha iliyotumwa kwenye simu yangu ilionyesha nyasi za uwanja zikiwa karibu kiasi cha kuhesabika. Kiti nilichokikuta kilikuwa orofa ya juu kabisa, safu ya tatu kutoka mwisho, mahali ambapo mchezaji anaonekana kama punje ya mchele. Wakala aliyeniuzia tiketi kwa mtandao alitangaza bei ya dola 28, akaongeza ada moja, kisha ada nyingine ambayo mpaka leo sijaelezwa ni ya nini, na nilipobonyeza kitufe cha mwisho nilikuwa nimekatwa dola 46. Nilimpigia simu mara tatu nikiwa nimesimama kwenye ngazi za uwanja wa Petco Park, na mara zote tatu nilijibiwa na mashine. Kwa fedha hizo ningetazama mechi kadhaa nikiwa jukwaa kuu pale Mkwakwani, Tanga, na ningebakiwa na za kahawa na kashata.

Nilikuwa San Diego kumtembelea mdogo wangu anayeishi El Cajon na mumewe. Kuhusu safari ya ndege sina la kusema ila kwamba miguu ilinivimba. Siku ya tano shemeji aliniambia kwamba haifai mtu kufika mji ule akaondoka bila kuwaona Padres wakicheza besiboli, akanipeleka kituoni, nikapanda treni nyekundu ya mjini kwa dola mbili na nusu. Hiyo ndiyo bei pekee ya Marekani niliyoilipa bila manung'uniko.

Jirani yangu kwenye kile kiti cha juu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, ambaye alikuwa amefanya kazi ya kuchomelea vyuma kwenye karakana za meli. Hakuniangalia nilipokaa. Alikuwa na ubao mdogo magotini, juu yake karatasi yenye miraba mingi kama daftari la hesabu, na penseli fupi iliyochongwa kwa kisu. Kila mpigaji alipomaliza zamu yake, mzee aliandika kitu ndani ya mraba mmoja. Niliona herufi K, mara imeandikwa sawasawa, mara imegeuzwa nyuma mbele. Niliona tarakimu 6 na 3 zimeunganishwa kwa kistari. Baada ya nusu saa nilishindwa kuvumilia, nikamwomba radhi na kumuuliza anaandika nini.

Alinifundisha kwa subira ambayo sikuitarajia kwa mtu niliyemkatiza kazi. Kila mlinzi uwanjani ana namba yake: mrushaji ni 1, mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, mlinzi wa kituo cha kwanza ni 3, na kuendelea hadi 9. Kwa hiyo 6-3 maana yake mpira uliviringika chini, mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu akauokota, akamrushia wa kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika. K ni mpigaji aliyetolewa kwa makosa matatu. Ikigeuzwa, ni yule aliyesimama tu akautazama mpira wa tatu ukipita. Nilipomwita Mzee, aliuliza neno hilo lina maana gani. Nilimweleza kwamba kwetu ni heshima, naye akalitamka mara mbili kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kofia mpya.

Kisha nikauliza swali ambalo nisingaliliuliza kama ningalijua. Tulikuwa duru ya tano kati ya tisa, na kwenye karatasi yake upande wa wageni miraba yote ilikuwa imejaa K na tarakimu, bila hata mstari mmoja wa mpigaji aliyefika kituo kwa pigo lake mwenyewe. Nikamwambia, “Mzee, hawa wageni hawajapiga hata mmoja.” Aliinua mkono wenye penseli, hakunigusa, akautuliza hewani mbele ya mdomo wangu. Watu wawili wa safu ya mbele waligeuka kunitazama, na mmoja wao alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

Nilimwelewa mara moja, wala sikuhitaji kufafanuliwa. Kwetu pwani usiku hatumtaji nyoka kwa jina lake, tunasema kamba. Kule nako, mrushaji anapokuwa katikati ya mchezo ambao wapinzani hawajapata pigo, jambo hilo halitajwi, na wenzake wakirudi benchini humwacha akae peke yake, bila mtu wa kumsemesha. Mchezo usio na pigo ukikamilika huandikwa kwenye vitabu na kusimuliwa miaka na miaka, na kwa hiyo watu huuendea kwa kunyata.

Sikutia neno tena. Ila duru ya sita mpigaji mmoja wa wageni aliugusa mpira vibaya, ukapaa polepole, ukaangukia katikati ya walinzi watatu, kila mmoja akidhani ni wa mwenziwe. Uwanja mzima ulitoa pumzi kwa pamoja. Baada ya hapo watu walisimama na kumpigia mrushaji makofi marefu. Mzee alichora mstari mdogo kwenye mraba, akapumua, akasema sasa naweza kuzungumza ninavyotaka. Nilimuuliza kama ni mimi niliyeharibu. Alisema hapana, na kwamba Padres hawakuhitaji mgeni kutoka Afrika ili wakose jambo hilo. Walilikosa wenyewe kwa miaka 52.

Hapo ndipo alipoanza kunisimulia, na mchezo uliobaki niliutazama kwa jicho moja tu.

Padres waliingia ligi kuu mwaka 1969, pamoja na timu ya Montreal Expos. Bill Stoneman wa Montreal alipata mchezo bila pigo tarehe 17 Aprili mwaka huohuo, timu yao ikiwa imecheza michezo tisa tu. San Diego walisubiri. Mwaka 1970 mzee alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, na tarehe 21 Julai babake alimpeleka kuwaona wakicheza na New York Mets. Mrushaji wa Padres alikuwa Clay Kirby, mwenye miaka 22. Kwa duru nane hakuna aliyempiga. Hata hivyo timu yake ilikuwa nyuma bao moja kwa sifuri, kwa sababu katika duru ya kwanza Mets walimfikisha mtu nyumbani, yaani kituo cha mwisho panapohesabiwa bao, bila pigo: alipewa kituo cha bure kwa mirusho minne isiyofaa, akaiba vingine kwa kukimbia, kisha akaingia kwa mpira mwepesi wa chini. Ilipofika zamu ya Kirby mwenyewe kupiga, meneja Preston Gómez alimtoa na kumwingiza mpigaji mwingine, Cito Gaston, kwa matumaini ya kusawazisha. Gaston alitolewa kwa makosa matatu. Mrushaji aliyemrithi Kirby alipigwa katika duru ya tisa, Padres wakafungwa tatu bila, na watu walizomea kiasi kwamba mzee anasema babake, mtu mpole asiyepandisha sauti hata nyumbani, alisimama juu ya kiti.

Nilidhani mzee angemlaumu Gómez. Hakumlaumu, alisema meneja analipwa ili ashinde. Mimi nilimpinga, na ninampinga hadi leo. Timu ile ilimaliza msimu ikiwa mkiani, imefungwa michezo 99. Ushindi mmoja zaidi ungewasaidia nini? Kijana yule angeachwa amalize kazi yake. Tulibishana juu ya jambo lililotokea zaidi ya nusu karne iliyopita kana kwamba Gómez bado amesimama pale chini na anaweza kutusikia.

Mwaka 1972 ilikuwa zamu ya Steve Arlin, ambaye baadaye aliacha mpira akawa daktari wa meno. Dhidi ya Philadelphia alifika duru ya tisa, wawili wametoka, amebaki mmoja. Meneja Don Zimmer alikuwa amemsogeza mbele mlinzi wa kituo cha tatu, akihofia mpigaji Denny Doyle asije akaugusa mpira kidogo na kukimbia. Doyle akaupiga, ukadunda ukapita juu ya mlinzi yule yule. Kama angekuwa mahali pake pa kawaida, mzee alisema, angeudaka huku akipiga miayo. Kwenye ukingo wa karatasi alinichorea alama mbili, moja pale alipokuwa amesimama na nyingine pale alipostahili kusimama, akaziacha hapo bila kuzifuta.

Wakati huohuo wengine walikuja San Diego kuchukua kile ambacho wenyeji hawakukipata. Dock Ellis wa Pittsburgh alifanya hivyo mwaka 1970, mwezi mmoja tu kabla ya usiku wa Kirby. A. J. Burnett wa Florida alifanya hivyo mwaka 2001, ingawa alitoa vituo tisa vya bure. Tim Lincecum wa San Francisco aliwafanyia hapo hapo Petco Park mwaka 2013, kwa mirusho 148, na mwaka uliofuata akawarudia tena huko San Francisco. Kulikuwa na faraja moja, kwamba New York Mets nao walikuwa mikono mitupu tangu mwaka 1962. Lakini tarehe 1 Juni 2012 Johan Santana aliwatoa Mets kwenye kundi hilo, na Padres wakabaki peke yao katika ligi nzima.

Mzee alifungua mkoba wake akatoa karatasi nyingine, imehifadhiwa ndani ya plastiki. Ilikuwa ya tarehe 9 Aprili 2021, mchezo wa 8,206 katika historia ya timu. Aliyerusha ni Joe Musgrove, kijana aliyezaliwa na kukulia El Cajon, mji ule ule ninamolala kwa mdogo wangu, naye alikuwa shabiki wa Padres tangu utotoni kabla hawajamchukua kutoka Pittsburgh mapema mwaka huo. Ulikuwa mchezo wake wa pili tu kuanza akiwa na jezi yao. Mirusho 112, wapigaji kumi wametolewa kwa makosa matatu, hakuna aliyepewa kituo cha bure. Mtu mmoja tu wa Texas alifika kituo cha kwanza, Joey Gallo, kwa kugongwa na mpira. Nilitafuta mraba wa mwisho. Ulikuwa na 6-3: kutoka kwa Ha-Seong Kim kwenda kwa Eric Hosmer. Tarakimu 3 ilikuwa imekandamizwa hadi penseli ikatoboa karatasi.

“Hapa nilivunja ncha,” alisema.

Mchezo ule ulikuwa Arlington, Texas. Mzee aliuandika akiwa mbele ya televisheni sebuleni kwake. Wa pili katika historia ya timu, wa Dylan Cease tarehe 25 Julai 2024, ulikuwa Washington, baada ya mvua kuuchelewesha, na wote wawili Padres walishinda tatu bila. Kwa hiyo mtu huyu, aliyekuwepo usiku wa Kirby na siku ya Lincecum, hajawahi kuuona wa kwao kwa macho. Ndiyo maana bado hupanda ngazi zile zote na ubao wake.

Nilirudi na treni ya usiku nikimfikiria marehemu baba. Alikuwa na kaunta buku za mechi za Mkwakwani: Coastal Union wakishinda aliandika kwa wino wa buluu, wakifungwa kwa wino mwekundu, sare kwa penseli, pamoja na hali ya hewa na jina la aliyekosa penalti. Mwaka 1988, Coastal walipochukua ubingwa wa Bara, kurasa zilikuwa buluu tupu, naye alikuwa akitufungulia na kutuonyesha kama mtu anayeonyesha kitambaa. Alipofariki tuligawana mashamba, redio na saa yake, na sikumbuki mtu yeyote aliyeuliza habari za kaunta buku.

Nilimkuta mdogo wangu hajalala. Nikamuuliza kama anajua ziliishia wapi. Alinyamaza kwanza, akasema kwamba mama alimpa jirani aliyekuwa akiuza karanga barazani, naye alizichana kurasa kwa ajili ya kufungia. Mwaka mmoja baada ya msiba mdogo wangu alinunua karanga pale, akaufungua mkunjo, akaona mwandiko wa baba.

“Coastal na nani?” nilimuuliza.

“Sikumbuki, kaka. Chumvi ilikuwa imefuta. Ila ilikuwa penseli.”