Mtambo wa majitaka wa kijiji: amonia imeshuka, sasa nahangaika na naitreti

Wadau, mtambo sasa unaenda kwa taima, sio kwa mtu kukimbilia swichi kila saa. Mpangilio ni huu, tangi la septiki, halafu tangi la kusawazisha, halafu tangi moja linalofanya kazi zote kwa zamu, yaani linajaa, linapigwa hewa, linatulia, tope linakaa chini na maji ya juu tunayatoa. Lile la kusawazisha wengi mliona ni gharama ya bure ila mi naona ndo limetuokoa, maana kijijini asubuhi kila mtu anaoga, jioni watu wanafua na kuosha vyombo, usiku hamna kitu kabisa, pampu inayapeleka maji kidogo kidogo na bakteria hawashtuki.

Uchafu wa kawaida ulishuka mapema tu. Amonia ndo ilikuwa inagoma. Bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti wanazaliana taratibu sana, ukitoa tope kila mara unawamwaga nje kabla hawajawa wengi, so tope nikaliacha lizeeke, amonia ikaanza kushuka vizuri afu ikagoma katikati na pH ikaporomoka chini ya 6.5. Hewa ilikuwepo ya kutosha, oksijeni ilikuwa juu ya 2 mg kwa lita muda wote wa kupiga hewa. Kumbe kila mg 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa inakula kama mg 7.1 za alkali, yaani ile akiba ya maji inayozuia pH isishuke (ukipima kama kalsiamu kaboneti), so ukiwa na amonia ya mg 40 kwa lita unahitaji karibu mg 285 kwa lita, na maji ya huku ni laini, hayana hiyo akiba.

Magadi soda yanasaidia, ila kununua kila wiki milele hapana aisee. Na kulikuwa na dalili nyingine, tope likishatulia vizuri linaanza kupanda juu kwa mabonge yenye vipovu. Hiyo ni gesi ya naitrojeni, naitreti inavunjwa kulekule chini ambako oksijeni imeisha. Nikasema kama bakteria wanataka kuivunja basi waivunje kwa ratiba yangu, so sasa blowa (pampu ya hewa) inazimwa katikati ya zamu, kichanganyio tu kinazunguka, na naitreti ikivunjwa nusu hivi ya ile alkali inarudi bure. Bili ya umeme nayo imepungua.

Ila hao wanaovunja naitreti wanataka chakula, yaani ule uchafu wa kawaida, na septiki inakamata sehemu kubwa ya chakula chenyewe. Kwa hiyo majitaka mapya nayaingiza pale blowa imezimwa, sio wakati inapiga hewa, na sehemu ndogo napitisha pembeni ya septiki kupitia chujio la kunasa takataka (linaziba, linanuka, sitaki hata kulizungumzia). pH sasa inacheza kwenye 7, mabonge yamepungua sana, naitreti inashuka japo sio kwa kasi ninayotaka.

Mlioulizia taa ya UV ya kuua vijidudu, bado. Mwanga wake wa nanomita 254 haupenyi maji yenye ukungu, vijidudu vinajificha nyuma ya chembe za tope, so naanza na chujio la mchanga. Kwa sasa maji yanaenda kwenye miti tu, mboga zitasubiri vipimo vya E. coli (bakteria wa kinyesi).