Nilivyowapimisha HGL demokrasia baada ya makande

Niseme mapema: kilichonitia hasira hadi nikaamua kuwafundisha wanafunzi wangu kupima demokrasia kwa vitendo ni ushauri wa ofisini. "Waandikie ubaoni serikali ya watu, iliyowekwa na watu, kwa ajili ya watu, wanakili, yaishe." Maneno hayo ya Rais Lincoln wa Marekani, ya 1863, yanapendeza kwenye hotuba. Lakini kijana wa kidato cha tano anayejiandaa na mdahalo wa shule za Mbeya mjini, hoja yenyewe inauliza nchi ipi ya Afrika ina demokrasia zaidi, atayafanyia nini? Nionyeshe serikali inayokiri kwamba yenyewe si ya watu.

Kipindi changu cha GS, yaani General Studies, kinakuja baada ya makande. Na ni Juni. Mwenye kuijua Juni ya Mbeya anaelewa: sweta juu ya sweta, madirisha yamefungwa, HGL (wa Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (wa Historia, Kiswahili na Kiingereza) wamebanana chumba kimoja. Hapo ukianza na "maana ya demokrasia kwa mujibu wa fulani" umewaruhusu walale.

Nikaanzisha ugomvi. Niliandika ubaoni sentensi tatu bila majina ya wenyewe. Ya kwanza: demokrasia ni utaratibu wa watu kushindania kura ili wapate madaraka ya kuamua. Hiyo ni ya mchumi Joseph Schumpeter, 1942. Ya pili: haitoshi kushindana, lazima pia watu wote wazima waruhusiwe kushiriki. Hiyo ni ya mwanazuoni wa siasa Robert Dahl, 1971. Ya tatu inatoka kwa Adam Przeworski na wenzake, kitabu chao cha 2000: nchi isihesabiwe kuwa ya kidemokrasia mpaka walio madarakani wamewahi kushindwa kwenye uchaguzi wakaondoka. Nikawaambia wachague moja, kisha waniambie Botswana iko wapi.

Kelele zilizotokea pale, mwalimu wa nidhamu alichungulia dirishani. Botswana kila mtu anaisifu, lakini kwa sentensi ya tatu, Przeworski na wenzake waliiweka kundi la udikteta, kwa sababu chama cha BDP kilitawala tangu uhuru wa 1966 bila kushindwa hata mara moja. Hawakusema kura zinaibwa. Walisema tu hakuna ushahidi kwamba wakishindwa wataondoka. Ushahidi ukaja 2024: BDP wakashindwa, Rais Masisi akakubali matokeo mapema, mpinzani wake Duma Boko akaapishwa. Kinachowachanganya wengi ni kwamba, kwa kanuni hiyohiyo, ushahidi ukishapatikana miaka ya nyuma nayo inahesabiwa upya. Yaani Botswana ya 1999 inahamishwa kundi kwa jambo la 2024. Kijana mmoja akagoma kabisa kukubali. Nikamwambia agome kwa maandishi.

Mwanafunzi wa Tunduma, ambaye kwao ukivuka barabara uko Nakonde, Zambia, alisimama na kifua mbele kana kwamba Zambia ni ya baba yake: Kaunda 1991, Rupiah Banda 2011, Edgar Lungu 2021, wote walishindwa uchaguzi wakaondoka. Wa Kyela, mpakani na Malawi, naye hakukubali kubaki nyuma. Wamalawi, akasema, mahakama ilifuta uchaguzi wao wa 2019, wakarudia 2020 na rais akatoka, halafu 2025 wakamrudisha yuleyule Peter Mutharika waliyemtoa. Hapo nikapenyeza mwanazuoni wa siasa Samuel Huntington na kipimo chake cha makabidhiano mawili: walioingia wakati wa mageuzi washindwe wakabidhi, na waliowapokea nao washindwe wakabidhi. Kwa hesabu hiyo 1991 ya Zambia ni mwanzo tu, haihesabiwi kama kabidhiano. Wa Tunduma alikaa kidogo, akahesabu kwa vidole, akasema, "Madam, basi 2021 tumefaulu." Alisema "tumefaulu". Nilimwacha.

Wasichana ndio waliochukua nusu ya kipindi kilichofuata, na kisa ni Uswisi. Hifadhidata ya Polity, iliyoanzishwa na Ted Gurr, inazipa nchi alama kuanzia chini ya sifuri, hasi 10, hadi chanya 10, na inarudi nyuma hadi 1800. Uswisi ina 10 kamili tangu 1848. Wanawake wa Uswisi walipata kura ya taifa 1971. Sikuongeza neno, niliandika miaka hiyo miwili ubaoni nikakaa. Ndipo walipoelewa wenyewe kwamba Polity inaangalia viongozi wanavyopatikana na wanavyodhibitiwa, haimhesabu nani kanyimwa kura, na kwamba kwa sentensi ya Dahl alama ile isingesimama.

Sasa nije kwenye ushauri wa pili uliotaka kuniharibia kazi. Mwalimu mwenzangu wa hesabu, kaka yangu ninayemheshimu, aliniambia nisisumbuke na tofauti za vipimo, nichukue vyote nitafute wastani. Akanitengenezea jedwali kabisa, kalipiga rangi. Humo alichanganya alama za zamani za Freedom House, shirika la Marekani linalopima uhuru wa nchi, zinazoanzia 1 hadi 7 na 1 ndiyo bora, pamoja na za Polity zinazoshuka chini ya sifuri, za gazeti la The Economist, yaani kitengo chake cha utafiti, za 0 hadi 10, na za V-Dem, mradi wa utafiti wa kupima demokrasia, za 0 hadi 1. Kisha kwenye safu ya Freedom House akapanga kuanzia namba kubwa. Norway ikashika mkia. Kaka alilitazama jedwali lake muda mrefu, akasema labda Norway wana shida zao. Nililibandika nyuma ya darasa, lipo mpaka leo, na kila mwanafunzi mpya naanza kwa kumuuliza limekosea wapi.

Lakini ninachojivunia hasa ni hiki. Vijana waliuliza swali ambalo kitabu hakijibu: hizo alama anatoa nani? Jibu ni kwamba nyingi wanatoa watu, kwa kuamua. Freedom House wana maswali 10 ya haki za kisiasa na 15 ya uhuru wa raia, kila moja 0 hadi 4, jumla 100, na wachambuzi wanakaa kukubaliana. V-Dem, walioko Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, wanatumia maelfu ya wataalamu, na kila swali la kila nchi wanalenga lijibiwe na watano au zaidi, wengi wakiwa wenyeji au wakazi wa nchi husika. Sasa mmoja akiwa mkali na mwingine mpole? Hili ukilieleza kwa mdomo halieleweki. Nikaamua walifanye.

Niliwapa swali moja: uongozi wa wanafunzi hapa shuleni unapatikana kwa haki kiasi gani, 0 hadi 4? Kila mtu karatasi yake, bila jina, aandike tu bweni au kutwa, msichana au mvulana, na kama ana cheo. Matokeo yalikuwa vurugu. Wa bwenini walijaza moja moja, wa kutwa tatu tatu, na kuna mtu alitoa 4 safi. Ile karatasi ya cheo ilimsaliti: kiranja wa chakula.

Kabla hawajaanza kumzomea nikawasomea visa vitatu vya shule za kubuni. Shule ya kwanza, mkuu wa shule anamtaja kaka mkuu mstarini na habari imeisha. Ya pili, kura zinapigwa, ila majina ni mawili yaliyochujwa na walimu, na zinahesabiwa ofisini mlango ukiwa umefungwa. Ya tatu, anayetaka anagombea, kura zinahesabiwa mbele ya wanafunzi, na aliyeshindwa anaweza kulalamika akasikilizwa. Nikasema, toeni alama hizo shule tatu. Karibu wote walizipanga kwa mfuatano uleule, lakini namba sasa! Shule ya pili, kiranja kaipa 3, msichana wa bwenini kaipa 1. Shule ni ileile, maneno ni yaleyale. Ni mambo ya gunia la viazi pale Mwanjelwa, mmoja akisema gunia ana maana ya gunia, mwingine ana maana ya lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo.

Tulipojua mkono wa kila mmoja, tukarudi kwenye alama za shule yetu tukazirekebisha: 3 ya kiranja ikasomwa kwa uzito wa 1 ya mwenzake, na kadhalika, kwa mkono tu, kwenye karatasi ya manila. Pengo kati ya bweni na kutwa likapungua sana. Pengo kati ya wasichana na wavulana halikutoka. Tukaulizana, ikagundulika mchujo wa dada mkuu ulikuwa na masharti ambayo wa kaka mkuu haukuwa nayo. Ukali na upole wa mikono ulipoondolewa, kilichobaki ni jambo lililotokea kweli. V-Dem wanafanya kazi hii kwa visa vya kubuni na kwa modeli za takwimu kwenye kompyuta, sisi tulifanya kwa chaki, na naapa wanangu wanaielewa kuliko waliosoma makala tu.

Usiruke suala la kujumlisha. Chukua shule ambayo kura zinapigwa vizuri (4) lakini wagombea wote ni wa kuteuliwa (0). Ukijumlisha ukagawa, ina 2, inaonekana ya wastani. Ukizidisha, ina sifuri. V-Dem kwenye kipimo chao cha demokrasia ya uchaguzi wanachukua njia zote mbili kisha wastani wake. Niliwaachia darasa waamue, wakagawanyika mpaka kengele.

Tanzania niliiweka mwisho kwa makusudi, na nilianza na Tume ya Jaji Nyalali ya 1991, iliyokusanya maoni ya wananchi kama nchi ibaki na chama kimoja au iingie vyama vingi. Takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, tume ikapendekeza vyama vingi, sheria ikabadilishwa 1992, uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika 1995. Binti wa HKL, asiyezungumzaga: "Madam, sasa hapo demokrasia ilikuwa ni kuwasikiliza wale asilimia 80 au kutowasikiliza?" Swali hilo ndilo tulilokwenda nalo kwenye mdahalo, na upande wa pili hawakuligusa.

Mengine ya haraka. Data za V-Dem ni za bure, ila usipakue faili kubwa, lina maelfu ya safu na laptopu yangu ilipiga kelele kama pampu. Pakua lile dogo la msingi, au chora grafu kwenye tovuti yao. Bando la usiku linatosha. Ukikutana na mtu anayesema demokrasia duniani inaporomoka kwa sababu alama zimesema, mpe makala ya watafiti Andrew Little na Anne Meng, 2024. Wao waliacha hukumu za wataalamu wakahesabu vitu vinavyohesabika, kama walio madarakani kushindwa uchaguzi, na hawakuona mporomoko mkubwa hivyo. Wapo wanaowapinga, kwamba watawala wa sasa wanaua ushindani kwa njia zisizohesabika. Vijana wangu wameshaanza kuhesabu yao: wanakusanya majina ya kaka wakuu wote yaliyopakwa rangi kwenye ukuta wa bwalo, waone wametoka tahasusi zipi. Makamu mkuu ameuliza hiyo ni kazi ya somo gani, nimemjibu GS.

Vile visa vitatu vya shule za kubuni vinaingia ukurasa mmoja. Nilitoa nakala Kabwe ya hapa Mbeya, shilingi mia na kitu kwa karatasi, na darasa zima halikufika bei ya chakula cha mchana cha walimu wawili.