Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Polarizesheni ya Miale ya Gama nikiwa Lubumbashi

Saa kumi na moja alfajiri, intaneti ikiwa bado nyepesi, napakua data za INTEGRAL, setilaiti ya Shirika la Anga la Ulaya iliyorushwa kutoka Baikonur mwaka 2002. Kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote, na kwetu tusio na chombo angani hiyo ni neema kubwa.

Saa mbili na nusu asubuhi niko ofisini, nikishughulikia Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1054. Ninachotafuta ni polarizesheni, yaani kama uga wa umeme wa miale ya gama inayotoka humo unatikisika kuelekea upande mmoja. Fotoni ya gama, yaani chembe moja ya miale hiyo, inapogonga elektroni ndani ya fuwele moja ya germanium na kurukia fuwele jirani, hupendelea kwenda kwa pembe ya digrii 90 na uga wake. Kwa hiyo nahesabu zilizorukia kila upande, na hesabu zikipanda na kushuka mara mbili katika mzunguko mmoja, huenda hiyo ni polarizesheni.

Nasema huenda, kwa kuwa chombo chenyewe hutoa ishara za uongo. SPI, kipimo cha miale ya gama kilichomo ndani ya INTEGRAL, kina fuwele 19 zilizopangwa kama sega la nyuki, na 4 kati yake zilikufa kadiri miaka ilivyopita. Fuwele iliyokufa haipokei kitu, hivyo fotoni huonekana kana kwamba zinaukwepa upande wake, na asiyeiondoa katika modeli atatangaza polarizesheni isiyokuwepo angani. Asubuhi yangu yote huishia katika miigo ya kompyuta inayonionyesha chombo kingeona nini iwapo miale haina uelekeo wowote.

Saa sita umeme unakatika. Nakula bukari na sombe, kisha naendelea kwa betri.

Saa nane mwanafunzi ananiuliza: “Mama, kwa nini hatuitumii ile asilimia 80?” Anazungumzia kiwango cha polarizesheni kilichotangazwa kwa mlipuko wa miale ya gama wa Desemba 2002, ulioonwa na setilaiti ya NASA iitwayo RHESSI. Namweleza kwamba wengine walizichambua upya data zilezile na hawakupata ushahidi huo. Chombo cha POLAR, kilichorushwa na China mwaka 2016, kilipimwa kwanza Grenoble, Ufaransa, kwa miale yenye polarizesheni inayojulikana, na wastani wa milipuko 5 kiliyochambua ulikuwa karibu asilimia 10 tu. Mimi nakiamini zaidi kipimo cha namna hiyo.

Saa kumi na moja jioni, pembe ya polarizesheni niliyoipata inakaribiana na ile iliyochapishwa mwaka 2008, inayofuata mhimili wa mzunguko wa pulsa, yaani kiini kinachozunguka kilichobaki cha nyota ile iliyolipuka. Nimefurahi, lakini siiandiki bado: kesho mwanafunzi yuleyule ataurudia uchambuzi wote bila kuliona jibu langu.