Anza na Bega: Namna Ninavyochagua Nguo za Kazini na za Mapumziko

Mwaka nilipopata kazi yangu ya kwanza ya uhasibu hapa Moshi, nilinunua koti la kijivu katika duka moja la mjini kwa fedha ambazo mpaka leo naona haya kuzitaja, nikalivaa siku ya kwanza kazini nikiamini kwamba bei yake peke yake ingetosha kunipendezesha. Kabla ya saa nne asubuhi, mama mmoja wa masjala alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hilo koti umeazima kwa kaka yako?" Rangi haikuwa na kosa, na kitambaa kilikuwa kizuri, tatizo ni kwamba mshono wa bega ulikuwa umepita mfupa wa bega langu kwa upana wa vidole viwili, na mikono ikashuka hadi kufunika nusu ya kiganja.

Nilipolipeleka kwa fundi cherehani wangu, aligeuza koti ndani nje, akalitazama kwa muda, kisha akanieleza jambo ambalo limeniokolea fedha nyingi tangu siku hiyo. Kupunguza kiuno, alisema, ni kazi ndogo. Kufupisha mikono ni kazi ndogo pia, mradi vifungo vya mkononi visiwe vingi. Lakini kurekebisha bega ni sawa na kulifumua koti lote, kwa sababu ni lazima mikono ing'olewe, bega likatwe upya, bitana ifuatishwe, kisha kila kitu kirudishwe mahali pake bila kuvuta. Kwa hiyo, ninaponunua nguo yoyote yenye mabega, iwe koti, shati, blauzi au gauni, sitazami kwanza kiuno wala rangi. Nashika mshono wa bega kwa kidole na kuangalia kama umeishia pale mfupa unapoishia. Ukipita hapo, nguo inapwaya na kumfanya mtu aonekane amekonda kwa maradhi. Ukiishia ndani zaidi, kwapa litabana na mgongo utavuta kila unaponyoosha mkono. Bega likikaa, mengine yote yana dawa.

Jambo la pili ni mahali nguo inapoishia, na hapa nazungumza kama mtu mfupi mwenye nyonga pana, maana umbo namba nane linalosifiwa sana lina gharama zake kwenye chumba cha kujaribia nguo. Macho ya mtu husimama pale kitambaa kinapokoma. Sketi ikikoma katikati ya shavu la mguu, mahali ambapo mguu ni mnene kuliko kwingine, basi mguu wote utaonekana mnene; ikishuka kidogo hadi karibu na kifundo, au ikipanda hadi chini tu ya goti, mguu unaonekana mrefu ingawa ni ule ule. Vivyo hivyo kwa koti: likikoma kwenye upana wa nyonga, linachora mstari pale pale ambapo usingependa mtu atazame, ilhali likipandishwa hadi juu kidogo ya mfupa wa nyonga, kiuno kinarudi. Mtu mfupi akivaa juu na chini rangi moja au rangi zinazokaribiana, hakatwi katikati, na urefu wake wote unabaki kuwa mmoja. Shingo fupi inasaidiwa na mkato wa V. Mrefu mwembamba, kwa upande wake, anaruhusiwa mambo mengi ambayo mimi nimekatazwa, na sitajifanya kwamba hilo haliniumi.

Kwa nguo za kazini nimejiwekea majaribio mawili ninayoyafanya mbele ya kioo cha duka bila aibu. La kwanza ni kukaa: naketi kwenye kiti, na sketi ikipanda juu ya goti zaidi ya upana wa kiganja, naiacha, kwa sababu nitashinda siku nzima nikiivuta badala ya kufanya hesabu. La pili ni kuinua mkono kana kwamba nimeshika bomba la daladala. Blauzi ikichomoka yote kutoka kwenye sketi, au kifungo cha kifuani kikifungua kinywa, hiyo si nguo ya mtu anayekwenda kazini kwa Hiace. Wanaopanda bodaboda waongeze jaribio la tatu, kwa kuwa sketi ndefu yenye marinda mengi inaweza kunaswa na gurudumu, na hatari hiyo ni kubwa kuliko kupendeza au kutopendeza. Kwa watumishi wa umma kuna miongozo ya mavazi inayokataza nguo zinazobana na zinazoonyesha maungo, lakini hata sisi wa ofisi binafsi tunajua kwamba nguo inayobana mno haimsitiri mtu wala haimpendezeshi: inachora mistari ya nguo za ndani na kuvuta makunyanzi kwenye mapaja.

Kuhusu kitambaa, hali ya hewa yetu haina mchezo. Moshi mjini tuko chini, kwenye mita mia nane na kitu juu ya usawa wa bahari, na Januari na Februari joto linaweza kukutoa jasho ukiwa umekaa tu. Arusha wako kwenye mita 1,400 hivi, na ifikapo Julai wenzetu wanavaa makoti ambayo sisi tungeyafulia tu na kuyarudisha kabatini. Mtu anayefanya kazi kati ya miji hii miwili, akitoka huku asubuhi na kurudi jioni, anahitaji nguo za kupangana: blauzi nyepesi ya pamba ndani, sweta jembamba au koti juu. Poliesta tupu huzuia jasho na kushika harufu, hata iwe nzuri namna gani dukani. Usipokuwa na uhakika, chomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, ukishanunua bila shaka, uuchome kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ila poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko wa pamba na poliesta kidogo si mbaya kwa ofisi, kwa sababu haukunjamani kirahisi, na umeme wa kupigia pasi kila asubuhi nao ni fedha.

Mitumba ndiyo shule yangu kuu. Katika soko la Memorial, hasa asubuhi belo zinapofunguliwa, unaweza kupata koti la sufu lenye mshono safi kuliko la dukani, lakini lazima ulitazame kama unayenunua ng'ombe. Lielekeze kwenye jua uone kama limepauka mabegani. Geuza makwapa, kwa sababu doa la jasho la zamani halitoki. Vuta mshono wa mapajani kwenye suruali. Fungua na kufunga zipu mara tatu. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye lebo, maana nguo hizo zimetoka nchi mbalimbali: namba 12 ya Uingereza inakaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya nchi nyingi za Ulaya bara. Mimi hubeba futi ya fundi kwenye mkoba, nikapima kiuno na nyonga za nguo iliyolazwa juu ya meza, kisha nikazidisha kwa mbili. Wauzaji hunicheka, lakini wananijua.

Kitenge kinahitaji aya yake. Pisi kamili huwa na yadi 6, yaani karibu mita tano na nusu, na kosa la kwanza ni kukipeleka kwa fundi kikiwa bado na wanga wa kiwandani. Loweka usiku mmoja kwenye maji baridi, anika kivulini, piga pasi, ndipo kikatwe. Pamba isiyofuliwa itarudi baada ya mshono, na gauni lililokukaa siku ya kwanza litakataa kufunga zipu siku ya tatu. Kosa la pili nimelifanya mwenyewe kwenye send-off ya binamu yangu. Nilichagua kitenge chenye duara kubwa la rangi ya machungwa, nikamwachia fundi mwingine bila kumwelekeza, naye akakata kwa kubana matumizi ya kitambaa. Duara moja likatua katikati ya tumbo langu sawasawa, kama ngoma iliyofungwa kwa mkanda, na picha zote za siku ile zipo. Siku hizi nalaza kitenge mezani mbele ya fundi na kumwonyesha kwa chaki ua gani likae wapi, hata kama yadi moja itapotea. Mwenye umbo dogo achague maua madogo.

Wanaume nitawagusa kwa ufupi, kwa kuwa mume wangu anasema nimeshamchosha. Kola ya shati iingize vidole viwili ikiwa imefungwa. Suruali iguse kiatu na kukunjika mara moja tu. Kifungo cha chini cha koti kiachwe wazi. Suti ya Kaunda ya kitambaa chepesi, ikishonwa kwa kipimo chake mtu, inafaa ofisini mwezi Februari kuliko koti na tai, na inaficha kitambi kwa heshima, mradi isichomekewe.

Kwa mapumziko watu hulegeza kila kitu kwa pamoja, na hapo ndipo nguo zinapomshinda mtu. Mimi hulegeza kimoja. Nikivaa gauni pana la batiki kwenda Chemka kuogelea, navaa kandambili nzuri au katambuga na kufunga kiuno kwa mkanda wa kitambaa. Nikivaa jinzi, blauzi inabaki ile ya mkato wa ofisini. Desemba tunapopanda nyumbani Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwenye baridi, "kuhesabiwa" na ukoo kama tunavyotaniana, wageni wa kutoka Dar es Salaam huja na nguo za pwani, na jioni ya kwanza tu wanaazima masweta ya bibi. Mwaka jana mdogo wangu wa kiume naye alikuja bila koti, nikamtolea lile la kijivu ambalo lilikuwa limelala kabatini kwa miaka yote hiyo. Mabega yalimkaa bila kuguswa. Alipoanza kulifunga ndipo tukaona kwamba vifungo viko upande wa kulia, kama ilivyo kwa nguo za kiume.