Nilivyohamisha glaida zangu kwenye rimoti mpya

Glaida ya modeli haina injini. Unairusha kwa mkono kutoka ukingo wa mlima, upepo unaopanda mteremko unaibeba, na yaliyobaki ni kazi ya servo, mota ndogo zinazosogeza vipande vya mabawa na mkia, na vidole vyako. Ndiyo maana nilisitasita sana kubadili rimoti.

Ya zamani ilikuwa ya megahezi 35, masafa ambayo hapa Ujerumani yametengewa ndege za modeli. Ilikuwa nzima kabisa. Kero yake ni kristali, kile kipande kinachopanga masafa ya rimoti: kila mrushaji ana chaneli yake, na ukikuta mwenzako mlimani ana chaneli kama yako, mmoja lazima angoje. Anayewasha bila kuuliza anaangusha ndege ya mwingine. Mifumo ya gigahezi 2.4 huruka yenyewe kutoka masafa hadi masafa, kwa hiyo hakuna foleni. Nikachagua RadioMaster yenye programu huria ya EdgeTX, na risiva, vipokezi vinavyokaa ndani ya ndege, za mfumo wa ExpressLRS.

Kabla ya kuzima ile ya zamani nilichukua rula na daftari. Eleroni, kipande kinachosogea karibu na ncha ya bawa, inapanda milimita ngapi, inashuka ngapi, flapu, vile vya karibu na bodi, zinafika wapi breki zikivutwa, mkia unajibu kiasi gani. Asilimia za rimoti moja hazina maana kwenye nyingine, ila milimita ni zilezile.

Kisha nikahamisha glaida ya povu, ambayo ikianguka unaiokota na kuirusha tena. Ile ya kaboni ilisubiri.

Kazi kubwa ilikuwa breki. Glaida hufunga breki kwa kushusha flapu na kuinua eleroni kwa wakati mmoja, na hapo pua inataka kupanda, hivyo lazima eleveta, kipande cha mkiani, iisukume chini kidogo. Rimoti ya zamani ilikuwa na menyu tayari ya jambo hili. EdgeTX inakupa ukurasa mtupu, ujijengee. Ilinichosha, lakini ndipo nilipopata nilichokikosa miaka yote: mkunjo badala ya mstari ulionyooka. Pua hupanda zaidi mwanzoni mwa breki, kwa hiyo eleveta yangu sasa inashuka haraka mwanzoni kisha inatulia. Yote niliyajaribu kwanza kwenye kompyuta.

Kisha ikaja zamu ya ile ya kaboni. Kaboni huzuia mawimbi ya gigahezi 2.4. Waya wa antena wa zamani ulikuwa na urefu wa kama mita moja; wa sasa, sehemu inayopokea ni milimita 31 tu, na ikibaki ndani ya bodi ya kaboni ni sawa na haipo. Nilitoboa matundu mawili madogo, nikatoa antena zote mbili nje kupitia vibomba vya plastiki, zikiwa pembe mraba. Ili kupima mawasiliano, rafiki akaishika ndege, nami nikaenda mbali na nguvu ya rimoti ikiwa chini kabisa, yeye akiigeuza pua, mkia, tumbo.

Mawasiliano yakikatika, nimeiagiza risiva ivute breki nusu na kuipinda ndege kidogo, ishuke karibu badala ya kutokomea bondeni.

Na kuna vario. Kihisi cha mgandamizo wa hewa kinatuma habari rimotini, mlio unapanda ndege ikipanda. Mlio wa kushuka nimeuzima. Unaudhi, na kushuka nakuona kwa macho.