Watoto, maboga na giza la saa kumi na nusu

Jumapili ya kwanza ya Majilio imepita, watoto wamelala, na nyumba imetulia kidogo. Nataka kuiandika miezi hii kabla haijanichanganyikia kichwani. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana miaka mitatu, na hii ndiyo miaka ambayo watakuja kuisimulia wao wenyewe wakiwa watu wazima. Watasimulia ya hapa Saint Paul, Minnesota, siyo ya Machame, kwetu Kilimanjaro. Jambo hilo nimelifikiria sana mwaka huu.

Mimi nimekulia Machame, na kwetu mwaka mzima ulikuwa safari ya kwenda Desemba. Mabasi ya kutoka Dar yakianza kushusha watu, baba wadogo na shangazi wanafika na mizigo, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa, watoto tunashonewa nguo, kanisa linajaa mpaka watu wanasimama nje kwenye nyasi. Baba watoto ni wa Iringa na ana Krismasi zake za mvua. Nazijua familia nyingi za Kitanzania huku ambazo baridi ikianza zinafunga mapazia, zinawasha televisheni na kuwaambia watoto, "Mngeona nyumbani." Nawaelewa kabisa. Lakini nauli ya watu wanne mwezi wa kumi na mbili, kupitia Amsterdam mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, si ya kila mwaka, na likizo ya shule wakati wa Krismasi huku ni kama wiki mbili tu. Mtoto akiambiwa kila mwaka kwamba sikukuu ya kweli iko kwingine, atakua akijiona mgeni kila anapokaa. Sisi tumeamua kuuingia msimu huu mzima mzima, na yale ya kwetu tuyaingize humo humo.

Majani ndiyo yanayoanza. Mwisho wa Septemba mti wa jirani, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, ulianza kuwa mwekundu kuanzia kileleni. Mkubwa akauliza nani anaupaka rangi. Nikamweleza kwamba mchana ukiwa mfupi mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, klorofili, na iliyopo inavunjikavunjika. Njano ilikuwemo ndani ya jani siku zote, ilifunikwa tu na kijani. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo inatengenezwa wakati huo huo kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi vikifuatana, nyekundu inakolea. Akaokota jani la njano, akachuchumaa, akalikuna kwa ukucha kutafuta kijani kilichobaki. Kilikuwepo, kandokando ya mishipa. Akaja kunionyesha kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na shaka.

Kukusanya majani kwa reki na kuyatia kwenye mifuko mirefu ya karatasi ni kazi ndogo kama huna watoto. Ukiwa nao, kila rundo ni la kurukiwa kwanza. Tulikubaliana na baba yao kwamba Jumamosi ile haina kitu kingine, na haikuwa na kitu kingine.

Oktoba tulikwenda shambani kuchuma matufaha. Aina inayopendwa sana hapa inaitwa Honeycrisp, na ni mzaliwa wa hapa: ilizalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991. Ukiliuma linapasuka mdomoni kwa mlio, na maji yake yanakufika kwenye kidevu. Mama mwenye shamba alimshika mdogo mkono akamwelekeza: usivute, linyanyue halafu lizungushe. Ukilivuta kwa nguvu unaondoka na kile kijiti chenye chipukizi la mwaka ujao. Nilisimama pale nikaisikia sauti ya Mama yangu kwenye kahawa ya kihambani, lile shamba la nyumbani la Wachaga, akituambia tuchague nyekundu tu na tusikwanyue tawi. Nilimwambia mkubwa habari hiyo tukiwa bado chini ya mti, na tangu hapo amekuwa akiuliza kahawa ya Bibi imeshaiva au bado.

Sasa maboga. Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu maboga ndiyo yaliyonipa msimu huu. Kila nyumba ya mtaa wetu Oktoba inaweka maboga mlangoni. Yale makubwa ya kuchonga yana maji mengi na ladha kidogo, yamezalishwa kwa ajili ya ukubwa na sura. Yale madogo mazito, wanayotumia kuokea pai, ndiyo matamu. Mimi nanunua yote mawili. Kubwa ni la watoto: wanakata kifuniko, wanaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, wanatoa utumbo wote. Mbegu tunaziosha, tunazianika kwenye kitambaa usiku kucha, kesho yake tunazikaanga na chumvi kidogo. Dogo naliweka jikoni, nalimenya, nalipika kwa tui zito, iliki na sukari kidogo, nalifunika mpaka tui linakauka na kung'ang'ania kwenye vipande. Wanangu wamelijua boga la nazi kuwa ni chakula cha Oktoba, na sioni sababu ya kuwabishia.

Na majani yake. Nilipanda mashina machache nyuma ya nyumba mwezi wa tano, baridi ilipokwisha kabisa, na tangu Julai mpaka mwanzoni mwa Septemba tumekula majani ya maboga kwa karanga. Ikifika Oktoba ni magumu, yana ukungu mweupe, hayaliki tena, na umande ukigandia usiku mmoja yote yanalala chini meusi. Kwa hiyo tunachuma mapema, tunachemsha kidogo, tunaweka kwenye friza. Mkubwa sasa anajua kumenya. Anavunja ncha ya kikonyo, anashika ule uzi wenye miba midogo, anauvuta taratibu ushuke nao mpaka kwenye jani, na uzi ukikatika katikati anaanza upande wa pili. Uvumilivu huo hana kwenye hesabu zake za shule. Mdogo kazi yake ni kubeba bakuli.

Jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto wa huku wanavaa mavazi ya kila namna na kupita nyumba hadi nyumba kuomba peremende. Kati yetu wakristo tuliotoka Afrika jambo hili lina mjadala kila mwaka, na siwalaumu wanaokataa. Sisi tunawaruhusu, bila mafuvu na bila mizimu. Mwaka huu mmoja alikuwa twiga na mwingine zimamoto, na wote wawili walivaa makoti mazito juu, maana hapa hata twiga anavaa koti. Tunachokipata sisi wazazi siku hiyo ni majirani. Mtaa ambao watu wake wanaonana kupitia vioo vya magari, usiku huo milango yote iko wazi. Bibi mmoja wa nyumba ya pembeni hutukaribisha ndani kila mwaka na kuwasimulia watoto kuhusu Oktoba 31 ya mwaka 1991, theluji ilipoanza mchana na haikuacha mpaka tarehe 3 Novemba, ikajaa zaidi ya sentimita 70 hapa mjini. Wakati ule wanawe walikuwa wa umri wa wanangu. Anasimulia akiwafunga vifungo vya makoti, na mimi moyoni namshukuru Mungu kwamba wana mtu mzima wa kuwafunga vifungo katika mtaa ambao hatuna ndugu hata mmoja.

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma. Mpaka hapo tunatofautiana na Machame kwa saa nane, baada ya hapo tisa. Jumamosi tukimpigia Bibi saa mbili asubuhi, kwake inakuwa saa kumi na moja jioni, anakaribia kufungia kuku. Mwaka huu mkubwa ndiye aliyemwarifu: "Bibi, shikamoo. Saa zetu zimerudi nyuma." Mama akajibu, "Marahaba mjukuu wangu, zimerudi kufuata nini?" Wakajadiliana kwa muda mrefu. Ikifika Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Mimi niliyezoea saa kumi na mbili kuwa ndiyo saa ya jua, asubuhi na jioni, mwaka mzima, giza hilo linanikaa kifuani. Dawa yangu ni kutoka nje na watoto wakati mwanga upo, hata kama ni dakika chache baada ya basi la shule kuwashusha. Televisheni itakuwepo tu.

Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu ya shukrani. Bata mzinga nampika, lakini sahani ninayoitilia moyo ni ya mchele pori. Unaota wenyewe kwenye maziwa ya kaskazini ya jimbo hili, na Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, wamekuwa wakiuvuna kwa karne nyingi: mmoja anasukuma mtumbwi kwa upondo, mwenzake ameketi na vijiti viwili, kimoja anainamishia mabua juu ya mtumbwi, kingine anayapiga taratibu punje zidondoke ndani. Nyingine zinaangukia majini, na hizo ndizo mbegu za mwakani. Ninapenda watoto wajue kwamba kabla ya shukrani hizi za kwenye kalenda kulikuwa na watu hapa wenye ardhi, Wadakota na Waojibwe, na kwamba bado wapo. Punje ni ndefu na nyeusi, zinachukua karibu saa nzima jikoni, na zikiiva zinapasuka kuonyesha weupe wa ndani. Mwaka huu nilimalizia kwa tui. Baba watoto alirudia mara mbili, na yeye si mtu wa kusifia chakula kwa maneno.

Theluji ya kukaa ilitukuta wiki ile ile. Kumvisha mtoto wa miaka mitatu aende kwenye theluji kuna mpango wake, na mpango ukivurugika unaanza upya: choo kwanza, soksi nzito, suruali ya theluji, mabuti, ndipo koti, kofia, skafu, na glovu mwisho kabisa, maana akishavaa glovu hawezi tena kujisaidia chochote. Kwa wazazi wapya wa huku niseme na hili: ndani ya gari lile koti nene livuliwe. Mkanda wa kiti cha mtoto ukifungwa juu ya koti lililojaa hewa unaonekana umekaza kumbe umelegea, na kwenye ajali mtoto anachomoka. Mfunge akiwa na sweta, halafu mfunike kwa koti kwa juu.

Kwenye kilima cha bustani ya karibu watoto wanateleza kwa visahani vya plastiki. Utotoni mwetu tulikalia gamba la mgomba, kwenye mteremko ulioloa mvua, tukafika bondeni na matope mpaka masikioni. Niliwaambia, hawakuniamini. Nikachukua kisahani, nikapanda nao juu, nikashuka. Mwili unakumbuka: unaegemea nyuma, visigino ndiyo usukani. Walipiga kelele mpaka watu wakageuka. Siku ile nililala nimechoka vizuri, nikifikiri kwamba huu mteremko wao siyo badala ya ule wangu. Ni wao kama ule ulivyo wangu, na sina ruhusa ya kuupunguza.

Kanisani tumewasha mshumaa wa kwanza kati ya minne. Desturi hii ilianzia Hamburg mwaka 1839, kwa mchungaji Johann Wichern, aliyetaka watoto aliokuwa akiwalea waweze kuhesabu siku za kufika Krismasi. Walutheri wa Minnesota wameipata kwa babu zao, na sisi wa Kilimanjaro Ulutheri tumeletewa na wamisionari wa Leipzig waliofika mwaka 1893. Kwa hiyo ndani ya jengo lile sijioni mgeni. Baba watoto ndiyo kabisa, maana sinodi ya hapa Saint Paul ina ushirika na Dayosisi ya Iringa, unaitwa Bega kwa Bega, na kuna wazee wa kizungu wanaomsalimu kwa Kihehe "Kamwene" na kumuuliza habari za Ilula, huko huko Iringa. Mkubwa amepewa kazi ya kushika njiti ya kuwashia mshumaa Jumapili ijayo, na nyumbani anafanya mazoezi kwa penseli.

Imebaki nyama. Krismasi yetu itakuwa na familia nne mezani, na nimesema wazi kwamba sitaki kuku. Jana nilipita bucha la Msomali karibu na Lake Street, Minneapolis. Muuzaji amekulia Nairobi, tunaongea Kiswahili tangu siku ya kwanza, ananiita dada. Ndafu, yaani mbuzi wa kuchomwa mzima, hatuwezi, nje ni baridi mno na ndani oveni haitoshi. Tukakubaliana mbuzi mmoja, mapaja na mbavu za kuchoma, mifupa na utumbo vya supu, na ini nilipitie mapema kwa sababu watoto wanalipenda. Akauliza nitakuja kuchukua lini. Nikamwambia tarehe 23, saa nne asubuhi, pamoja na watoto wote wawili, kwa sababu nataka waone anavyokata na wajue kila kipande kinaitwaje.