Shangazi kapimwa uboho, kumbe ni vipimo viwili

Jamani nipo Moshi nauguza shangazi, damu yake inashuka hovyo, anaongezewa inapanda kidogo inashuka tena, daktari akasema sasa tuangalie inakotengenezwa, yaani kwenye uboho wa mfupa.

Kumbe ni vipimo viwili na vyote wanavifanya hapohapo, mfupa wa nyonga kwa nyuma. Cha kwanza aspireti, unapigwa ganzi, sindano inazama mpaka ndani ya mfupa wananyonya uboho wa majimaji, wanaupaka kwenye vioo palepale. Pale kwenye kunyonya ndo shangazi alinibana mkono sio kitoto, maana ganzi inashika ngozi na juu ya mfupa, ndani haifiki. Hicho kinaonyesha seli moja moja zikoje, kama ni leukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda kasi, wanaziona seli changa zimejaa.

Biopsi sasa, wanatoa kipande chenyewe cha mfupa, kembamba, kama sentimita 2 hivi. Kinaonyesha uboho umejaa au yamebaki mafuta matupu, una makovu au hauna. Majibu yanachelewa sababu mfupa lazima ulainishwe na dawa kwanza ndo ukatwe.

Mi nikauliza si mfanye kimoja bei ipungue? Akasema uboho wenye makovu unaweza ukanyonya weee hakitoki kitu, hapo biopsi ndo inaokoa, ila biopsi peke yake haionyeshi seli vizuri hivyo. Basi bora vyote, nani anataka kurudi kuchomwa tena.

Ya aspireti tunaambiwa wiki hii, biopsi bado tunasubiri.